Nyumba Ndogo Inangoja Bati

Siku Fundi Bomba alipojitoa kwenye udhamini, Msoma Mita alirudi kutoka kazini akaupita mlango wake mwenyewe. Mtu ambaye kazi yake ni kuingia nyua za watu kusoma mita za maji, anayejua kila geti na kila mbwa wa mitaa ile, aliupita mlango wa chumba alichopanga na mkewe na binti yao, akaenda kusimama mbele ya choo cha wapangaji wote, akaduwaa pale kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau njiani.

Mkewe alimwona kupitia dirishani. Hospitalini, alikofanya kazi ya kupiga pasi mashuka, walimwita Mama Pasi, na jina likamfuata hadi mtaani. Akatoka, akamshika mkono wa shati, akamwingiza ndani polepole ili Mama Mwenye Nyumba, aliyekuwa kibarazani akiangalia nani amechota maji kiasi gani, asipate cha kusimulia.

"Fundi Bomba kajitoa," Msoma Mita alisema baada ya kuvua kiatu kimoja. Cha pili kilibaki mguuni. "Na Mzee wa Stoo naye kajitoa."

"Wamesemaje?"

"Hawakusema. Mzee wa Stoo ameniambia nikamwombe Mungu. Fundi Bomba hata hakuniangalia usoni."

Mama Pasi akakaa kitandani. Hakuwa mwanamke wa kuogopa haraka, lakini hapo aliogopa. Maana bila wadhamini watatu hakuna mkopo, na bila mkopo hakuna bati, na bila bati nyumba ndogo ingenyeshewa msimu mwingine mzima.

Nyumba yenyewe ilikuwa pembeni kabisa mwa mji, mahali ambapo lami imekata tamaa na nguzo za umeme zinasimama mbalimbali kama watu waliogombana. Ilikuwa na chumba, sebule na jiko. Kuta zilikuwa zimesimama, madirisha yameachiwa nafasi, sakafu imemwagwa juzijuzi, na juu kulikuwa na mawingu. Waliiita nyumba ndogo kwa sababu kiwanja kile, vichwani mwao, kilikuwa na nyumba mbili: ndogo ya nyuma, ya kujisitiri kwanza, na kubwa ya mbele, itakayojengwa siku mambo yakikaa sawa. Kwa hiyo humo chumbani maneno yalikuwa hayo kila kukicha. Sukari ikiisha mapema, tuvumilie, nyumba ndogo imekula. Binti akitaka viatu, ngoja kwanza nyumba ndogo ishibe. Binti alikua akidhani nyumba hiyo ina mdomo.

Na kweli ilikula. Msoma Mita alikuwa akipewa nauli ya kuzungukia mitaa, naye alitembea kwa miguu, nauli ikageuka tofali. Mama Pasi siku zake za mapumziko alifua mapazia ya watu, mapazia yakageuka mchanga na kokoto. Mshahara wao wawili ukiuweka pamoja haukuwa kitu cha kumtisha mtu, lakini waliubana hadi ukatoa kuta. Kilichowashinda ni paa. Paa hulinunui kipandekipande kama tofali, na muuza bati alikwishasema kuwa bei ile ataishikilia hadi mwisho wa mwezi, hapo mbele hamjui mtu. Fundi mwashi naye alikwishawaonya: kuta zile zimejengwa kwa kubania saruji, zikipigwa na mvua za msimu mwingine zikiwa wazi zitaanza kulika kutoka juu.

Ndiyo maana Msoma Mita akaomba mkopo kwenye chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa idara ya maji. Kwenye sababu ya mkopo aliandika kama waandikavyo wote: maendeleo. Kamati ilikuwa inakaa Jumatatu.

"Hukuwaambia pesa ni ya nini?" Mama Pasi aliuliza.

Msoma Mita akatikisa kichwa. Hakuwaambia, na mkewe alijua kwa nini. Pale ofisini palikuwa na mhasibu mmoja aliyetangazia watu wote kuwa anajenga, akanunulia ofisi nzima soda siku ya kuchimba msingi, kisha majani yakaota hadi kiunoni. Mpaka leo jina lake ni Bwana Msingi, na watoto wake shuleni wanaitwa watoto wa Bwana Msingi. Msoma Mita aliapa kwamba yeye atafungua mdomo siku bati la mwisho litakapopigiliwa.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, kama ilivyokuwa desturi ya Mama Mwenye Nyumba. Alikuja kusema mawili. La kwanza, binti aache kuruka kamba uani, anamlia sakafu. La pili, kodi inapanda mwezi ujao, na asiyeweza aseme mapema, kuna watu wanakihitaji chumba. Alisema hayo huku macho yakizunguka chumba, yakapanda juu ya kabati, yakashuka chini ya kitanda, yakatulia kwenye mguu wa Msoma Mita uliokuwa bado na kiatu.

"Mnatoka au mnaingia?" akauliza.

"Tunapumzika, mama," akajibu Mama Pasi, na akasubiri mpaka mlango ufungwe ndipo akamvua mumewe kile kiatu cha pili.

Kesho yake mke wa Fundi Bomba alimfuata Mama Pasi kazini. Chumba cha pasi hospitalini ni kirefu na kina joto la kumvukiza mtu, mashuka yanaingia yamekunjamana kama matambara upande mmoja na kutoka upande wa pili yamenyooka. Mgeni alijipenyeza katikati ya makapu akiwa na pakiti ya sukari mkononi, na uso wa mtu aliyekwenda msibani. Fundi Bomba ndiye aliyemsimamia Msoma Mita siku ya harusi, kwa hiyo wanawake hawa wawili walijuana tangu wakiwa wembamba.

"Pole, mwenzangu," alisema, akaiweka sukari juu ya meza.

"Nimeshapoa. Pole ya nini?"

Mke wa Fundi Bomba alitazama nyuma, akatazama pembeni. Alisema yeye si mtu wa maneno, Mama Pasi mwenyewe anamjua, lakini kuna jambo likimkaa mtu kifuani halimpi usingizi. Kisha akaliachia.

"Mumeo ana nyumba ndogo."

Mama Pasi aliiweka pasi chini. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kumwonea huruma mumewe: siri aliyoibeba miaka yote hiyo imevuja kabla ya bati.

"Nani kawaambia?"

"Kwa hiyo unajua?"

"Nisijue vipi, na mwaka wa tatu huu?"

"Mwaka wa tatu." Mke wa Fundi Bomba alitafuta pa kukalia, akakalia kapu la foronya. "Na wewe umekubali?"

"Mimi ndiye niliyemsukuma. Yeye alikuwa anaogopa, anasema mshahara hautoshi. Nikamwambia anza tu, hata kidogokidogo, na mimi nitakuchangia."

"Ukamchangia."

"Mapazia yote yale unayoniona nafua, unadhani yanakwenda wapi?"

Mgeni akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama amewahi kuiona kwa macho yake, hiyo nyumba ndogo.

"Kila nikipata nafasi naenda. Jumapili nimekwenda kuifagia."

"Kuifagia."

"Ilikuwa na vumbi. Halafu nikaimwagia maji. Fundi amesema isipomwagiwa maji asubuhi na jioni itapasuka."

Mke wa Fundi Bomba alitaka kujua jambo moja tu, kama mwenzake hana wivu hata kidogo. Mama Pasi alicheka, akasema wivu wa nini, ikikamilika wanahamia wote, yeye na mtoto wake.

"Mkae pamoja?"

"Sasa akae nani, wapita njia?"

"Na nyumba kubwa je?" Mgeni aliuliza hivyo huku akimwashiria mwenzake kifuani kwa kidole, machozi yanamlenga.

"Nyumba kubwa itangoja," alisema Mama Pasi. "Mimi sina haraka nayo."

Hapo mke wa Fundi Bomba akainuka, akamkumbatia, akamshikilia kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaondoka bila kuaga. Mlangoni alisikika akijisemea kuwa huyu kalishwa kitu, na si kidogo.

Mama Pasi aliendelea na kazi. Alinyoosha shuka moja, akanyoosha la pili, lakini lile neno wivu lilimganda. Ni nani anayeonea wivu tofali? Na kidole kile cha kifuani kilikuwa cha nini? Akairudisha nyuma ile sauti ya mwenzake, nyumba ndogo, nyumba ndogo, na mara ya tatu akaisikia kama watu wengine wote duniani wanavyoisikia.

Shuka liliungua. Lilitoa moshi, muuguzi mkuu akaja mbio, akamkuta Mama Pasi ameinama juu ya meza anatetemeka mabega, akadhani analia. Alipogundua ni kicheko alimwambia shuka lile litakatwa kwenye mshahara. Mama Pasi alikubali kwa kichwa, kwa sababu mdomo ulikuwa hautumiki.

Jioni alimweleza mumewe. Alimweleza wakiwa wamekaa karibu, sauti chini, binti akiwa nje anaruka kamba kwenye majani mahali ambapo hakuna sakafu ya mtu. Msoma Mita alisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Mimi?" alisema. "Nyumba ndogo? Na mshahara huu?"

"Ndicho kinachowauma. Wanasema angalau ungekuwa na hela."

Kisha wakaanza kutafuta ilikotokea, na haikuwa mbali. Wiki iliyopita fundi mwashi alimpigia simu akiwa ofisini, naye akatoka kwenye korido kuongea, akaegemea dirisha la Karani wa Malalamiko. Huyo dada kazi yake ni kusikiliza, na hata foleni ikiisha masikio hayafungi. Msoma Mita akayakumbuka maneno yake mwenyewe moja moja, na kila moja lilipotoka Mama Pasi alizidi kujiziba mdomo kwa mto. Alisema nyumba ndogo inammaliza mshahara wote. Alisema mkewe yuko radhi, nyumba kubwa itasubiri. Alisema akipata mkopo ataimalizia yote huko huko. Na alisema Jumamosi anakwenda kulala huko.

"Saruji nani angeilinda?" Msoma Mita aliuliza, kama vile yuko mbele ya hakimu.

"Basi kesho waambie ni nyumba. Nyumba ya tofali."

"Hawataamini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hivyo ndivyo wanavyosema wote wenye nazo. Mtu akiulizwa pesa inaishia wapi, anajenga. Akiulizwa kalala wapi, alikuwa analinda saruji. Mimi mwenyewe nikimsikia mwanamume anasema analala na saruji namcheka."

Mama Pasi akaacha kucheka. Alimtazama mumewe, miguu yake iliyochanika visigino kwa kutembea, mikono imelala magotini, akaona kuwa mtu huyu yuko tayari kupoteza paa kuliko kusimama ofisini akijitetea kwa jambo la aibu ambalo hakulifanya. Jumatatu ilikuwa inakuja hivyo hivyo. Basi akamwambia asimwambie mtu neno.

"Jumamosi nenda kalale kama ulivyopanga," alisema. "Ila uvae ile suruali nzuri."

"Ya kulalia kwenye mifuko ya saruji?"

"Wewe vaa tu, baba."

Ijumaa Mama Pasi alikwenda kwa mke wa Fundi Bomba. Hakusema uongo hata mmoja, na baadaye kila alipoulizwa alilisimamia hilo. Alisema amefikiria yale maneno ya kule kwenye pasi. Alisema amechoka kungoja. Alisema mumewe anakwenda kulala huko Jumamosi, na yeye Jumapili asubuhi anataka kwenda na mashahidi, watu wazima, wamkute. Angependa waje wale wadhamini hasa, kwa kuwa pesa ilikuwa iwahusu. Na yule Karani wa Malalamiko, aliyesikia kwa masikio yake, aje aone na kwa macho.

Mke wa Fundi Bomba alikuwa amekwishasimama kabla maneno hayajaisha. Fumanizi halina mwaliko mdogo. Kufikia jioni alikuwa amepata watu na gari, pikapu ya kukodi, na Dereva wa gari la maji amekubali kuiendesha. Dereva ndiye mdhamini wa tatu, yule ambaye hakujitoa, na waliomjua hawakushangaa kwamba hakujitoa. Aliuliza mara mbili ni upande gani wa mji wanakokwenda. Alipoambiwa, akashusha pumzi, akasema hakuna shida, hata mafuta atajazia mwenyewe.

"Tutamkuta ndani kweli?" mke wa Fundi Bomba alitaka uhakika.

"Ndani kabisa," alisema Mama Pasi.

Jumapili walitoka jua halijachangamka. Mbele walikaa Dereva na Mzee wa Stoo, aliyevaa koti na kuandaa maneno ya nasaha. Alikuwa ameyaandaa tangu juzi na alikuwa akiyarudia kwa midomo. Nyuma walikaa Fundi Bomba na mkewe, Karani wa Malalamiko na simu yake ya kupiga picha, na Mama Pasi na binti. Mke wa Fundi Bomba alijifunga kibwebwe, viatu amevishika mkononi. Alinong'ona kwamba mtoto angeachwa kwa jirani, haya si mambo ya kuona mtoto.

"Muache aje," alisema Mama Pasi. "Ni kwake pia."

Gari liliporuka shimo, Fundi Bomba alimgeukia Mama Pasi akasema, "Shemeji, mimi nisamehe. Nilijitoa kwa ajili yako. Sikutaka jina langu liwe chini ya kitu cha kukuumiza." Akageuza tena uso kwenye barabara. Mama Pasi aliyekuwa amejiandaa kucheka siku nzima akajikuta anatafuta mahali pa kuyaficha macho.

Lami ikaisha, nguzo zikaachana, wakafika. Mke wa Fundi Bomba aliruka kabla gari halijasimama, akauliza ni ipi, akaonyeshwa, akaenda moja kwa moja. Wengine nyuma yake. Mzee wa Stoo akakohoa ili kujitengenezea sauti. Mlango haukuwepo, kulikuwa na mbao mbili zilizoegemezwa, zikaangushwa.

Msoma Mita alikuwa amesimama katikati ya sebule, suruali nzuri, kifua wazi, nywele nyeupe kwa vumbi la saruji, mkononi ndoo ya maji aliyokuwa akiimwagia sakafu. Alitazama watu wale wakiingia mmoja mmoja, mfanyakazi mwenzake, mfanyakazi mwenzake, mkewe, binti yake, akabaki na ndoo inainama na maji yanamwagika mguuni.

Mke wa Fundi Bomba alimpita kama nguzo. Aliingia chumbani, akatoka. Aliingia jikoni, akachungulia nyuma ya mifuko, akatoka. Alizunguka nje kwenye lile shimo la choo, akarudi anahema.

"Yuko wapi?"

"Nani?" aliuliza Msoma Mita.

"Nyumba ndogo yako."

Msoma Mita alimtazama mkewe. Hapo ndipo alipoelewa kila kitu, suruali na vyote, na kwa mara ya kwanza wiki ile midomo yake ikaanza kucheza.

"Umesimama ndani yake, shemeji," alisema.

Karani wa Malalamiko aliishusha simu. Mzee wa Stoo alitazama kuta, akatazama juu kwenye mawingu, na nasaha zake zote zikamfia mdomoni. Wa kwanza kucheka alikuwa Dereva, na alicheka kama mtu aliyesamehewa deni. Akakaa chini kizingitini akicheka, akashika mbavu. Kisha binti akacheka kwa kuwa Dereva anacheka, na mwisho mke wa Fundi Bomba akajishika kichwa, akasema, "Ukaifagia. Ukaimwagia maji," akaenda kumwangukia Mama Pasi shingoni, wote wawili hawajui kama wanalia au wanafanyaje.

Fundi Bomba peke yake hakucheka. Alimsogelea rafiki yake.

"Miaka mitatu," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekuja na bomba."

Wakati huo huo mawingu yaliyokuwa yakiwatazama tangu asubuhi yaliamua. Mvua ya kwanza ya msimu haikuanza na manyunyu. Ilimwagwa.

Mtu akikaa chini ya paa maisha yake yote hawezi kujua nyumba isiyo na paa inavyonyeshewa. Mvua ya humo ndani ni nzito kuliko ya nje, maana haina pa kukimbilia. "Saruji!" alisema Mama Pasi, na hakuhitaji kusema zaidi. Mzee wa Stoo, ambaye maisha yake yote ni mizigo, alivua koti la nasaha akalitandaza juu ya mifuko, akaamrisha ibebwe kwenye gari, isiburutwe, ibebwe. Karani alibeba upande mmoja wa mfuko na Dereva upande wa pili. Mke wa Fundi Bomba alifungua kibwebwe kile alichofungia vita akafunikia mfuko wa mwisho. Saruji ikakaa mbele pamoja na binti, vioo vimepandishwa, na watu wazima wote wakabaki nje wanalowa, wakitazama mifuko ile ilivyokaa raha.

Fundi Bomba alibaki ndani. Walipomrudia walimkuta amechuchumaa jikoni, maji yanamfika kwenye vifundo, anayaangalia yanavyokusanyika kwenye kona. Alikuwa amekasirika kweli sasa.

"Nani kakupigia mteremko huu?" aliuliza. "Maji yanakwenda kwenye kona badala ya kwenda nje. Huyu fundi wako alikuwa anajenga nyumba au karai?"

"Utaweza kuurekebisha?" Msoma Mita aliuliza.

"Siwezi kurekebisha kitu kinanyeshewa. Ezeka kwanza." Akainuka, akajipangusa mikono kwenye suruali iliyolowa, na bila kumwangalia mtu akaongeza, "Kesho kabla ya saa ya kamati nitakuwa pale kwenye dirisha la chama. Na huyu mzee naye nitamleta."

"Niletwe nina nini?" alisema Mzee wa Stoo, maji yakimtiririka kwenye ndevu. "Nina miguu yangu."

Kamati ilipita. Kabla haijakaa, Karani wa Malalamiko alipeleka jina lake pia, wakawa wadhamini wanne mahali panapotakiwa watatu, na mwenyekiti alipouliza kuna nini na huyu Msoma Mita, akaambiwa ana nyumba ndogo ya kupendeza. Mwenyekiti alipata taabu ya kuelewa kwa nini wote walicheka. Bati lilinunuliwa kwa bei ile ile. Mbao zilipandishwa juu ya kuta, misumari ikafuata, na Jumamosi mbili mfululizo kiwanja kile kilikuwa na makelele ya nyundo na ya Fundi Bomba, aliyeipasua sakafu ya jiko lote na kuimwaga upya huku akimtukana fundi mwashi asiyekuwepo. Mkewe alileta chakula kwa sufuria. Kila alipoingia alipitia kwanza chumbani kuchungulia, akasema ni mazoea tu.

Siku ya kuhama jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa na haraka. Vyombo vilikuwa vichache kuliko walivyodhani: kitanda, kabati, makochi mawili, ndoo, mafurushi. Ukiishi chumba kimoja unadhani una vitu vingi kwa kuwa kila siku unavigonga goti. Binti alikuwa amekwishapanda juu ya magodoro na hataki kushuka. Msoma Mita alikuwa akifunga kamba, anafunga na kufungua, kwa furaha tu.

Mama Mwenye Nyumba alikuja kukikagua chumba. Alipita na kidole kwenye kuta, akabonyeza bawaba za dirisha, akawasha taa akaizima. Hakupata kitu. Akatoka kibarazani, akasimama karibu na Mama Pasi, na kwa kuwa wapangaji wa siku zote hutoka kwa mmoja wakaingia kwa mwingine, akauliza lile swali linaloulizwa.

"Haya, na sasa mnahamia kwa nani?"

Mama Pasi alikuwa ameshika beseni lenye vikombe. Alikuwa amefikiria mambo mengi wiki ile, nani abebe nini, binti atapita njia gani kwenda shule, mkopo utakatwa vipi mwezi wa kwanza, lakini swali hilo hakulifikiria. Akaliona limekaa mbele yake, jepesi, na jibu lake pembeni.

"Kwangu," alisema.

Mama Mwenye Nyumba hakusikia vizuri, au alisikia. Akainamisha sikio. "Kwa nani?"

"Kwangu, mama," alirudia Mama Pasi, na angeulizwa mara ya tatu angerudia tena, na ya nne, vikombe vinagongana humo besenini.